Maji ya Kwanza: Maisha ya Mama Germaine wa Ruashi

Alizaliwa Lubumbashi tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa nne wa Séverin na Agnès, akabatizwa siku nane baadaye kwa jina la Germaine. Babu yake alishuka kutoka Kongolo kuja kufanya kazi ya njia ya treni, akaleta vitu viwili tu kutoka kwao, sanduku la mbao na rozari, na hivyo vyote viwili vilikuwa bado nyumbani wakati Germaine anakua. Baba yake alikuwa mtu wa karakana, mkimya, ambaye hakukosa Misa hata siku aliyotoka kazi ya usiku asubuhi. Mama yake alifua vitambaa vya altare vya parokia yao, kazi isiyolipwa na isiyoonekana, na hakuna mtu aliyejua jina lake mpaka siku kitambaa kiliporudi na doa.

Kazi hiyo ina desturi yake, na lazima niieleze hapa, kwa sababu maisha yote ya mama huyu yaliizunguka. Kitambaa kinachofuta kalisi, kikombe cha divai ya Misa, na kile kinachotandikwa chini yake wakati wa Misa, huenda vimebaki na tone au chembe ya kile tunachoamini kuwa Damu na Mwili wa Bwana. Kwa hiyo havitiwi sabuni mara moja. Vinalowekwa kwanza katika maji matupu, na maji hayo ya kwanza hayamwagwi mtaroni, mahali tunapotupa maji ya sufuria na ya kudeki. Yanamwagwa kwenye udongo safi, chini ya ua lililopandwa. Baada ya hapo ndipo sabuni, na hayo maji mengine nenda nayo unakotaka. Germaine alipokuwa na miaka kumi alisahau siku moja, akayatupa maji ya kwanza mtaroni, na mama yake akakaa siku mbili bila kusema naye. Aliniambia kwamba tangu siku ile mikono yake haikusahau tena, hata kichwa kilipokuwa mbali.

Mimi ninayeandika ni Hénoc, katekista na karani wa baraza la parokia yetu ya Ruashi kwa miaka ishirini na mitatu. Kanisa halijasema neno juu ya mama huyu, na huenda halitasema kamwe. Ninapomwita mtakatifu ninasema kama jirani zake wanavyosema sokoni, na kama wakubwa wangu wakiniambia nifute, nitafuta. Ila sitafuta yale niliyoyaona kwa macho yangu, wala yale niliyoyafanya mwenyewe, ambayo yatakuja mahali pake.

Mwaka 1996 aliolewa na Ephraïm Mumba, fundi wa malori, mtu wa kucheka sana. Walihamia Ruashi wakajenga matofali kwa matofali, chumba mwaka huu, paa mwaka ule. Walikaa miaka mitano bila mtoto, na mwaka 2001 akazaliwa Léa, wa kwanza na wa mwisho, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita Germaine tena. Alikuwa Mama Léa, kama ilivyo kwetu. Mwaka 2003 Padri Paluku, mzaliwa wa Butembo aliyekuwa paroko wetu, alimkabidhi vitambaa vya altare, na tangu hapo viling'aa. Udongo wa Ruashi ni mwekundu na unaingia mpaka ndani ya kabati, na wageni walikuwa wakiuliza tunatumia sabuni gani.

Ephraïm alifariki mwezi wa sita 2010, homa ya siku nne tu. Ukoo wake ulikuwa unaishi Kasomeno, na walipokuja kwenye kilio walikuja na desturi yao: mjane lazima aoshwe, yaani mmoja wa ndugu za marehemu alale naye, ili kivuli cha mfu kimwachie. Walimteua Donat, mdogo wake Ephraïm, deklarant wa Kasumbalesa, yule anayepitisha karatasi za malori mpakani. Germaine alikataa, na alikuwa na haki kamili ya kukataa. Imani yetu haina mahali pa jambo hilo. Wazee hawakuwa watu wabaya. Walitafuta njia, wakasema basi ushanga mweupe tu mkononi na unga kidogo kwenye paji la uso, yaishe. Donat mwenyewe ndiye aliyeinuka kumvalisha huo ushanga, na nadhani alifurahi kuondolewa lile la kwanza. Hapo mama yetu akasema neno ambalo alilililia baadaye kuliko alivyomlilia mumewe. Alimsukuma mkono mbele ya watu wote, akasema: "Mi niko musafi. Nyie njo bachafu, mukajioshe benyewe."

Nilikuwepo, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilihesabu kwamba Kanisa limeshinda. Donat aliokota shanga zake zilizotawanyika chini, moja moja, watu wakimtazama, na baada ya siku tatu akarudi na wajomba wawili kudai mtoto. Walisema mtoto wa Mumba hawezi kulelewa na mwanamke aliyekaa na mfu mwilini. Léa alikuwa na miaka tisa. Walimpeleka Kasomeno kwa bibi yake, na Germaine akawa anakwenda kumwona kila alipopata gari. Mwezi wa pili 2011, mvua ikiwa imekata barabara, Léa alishikwa na malaria akaishiwa damu. Habari zilimfikia mama siku ya tatu. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa, na Donat alikuwa amesimama pembeni yake na jembe. Germaine alirudi Ruashi na Jumamosi hiyo hiyo akafua vitambaa kama kawaida, na sisi tukasema, tazameni imani.

Tulisema upuuzi. Mtu anaweza kufua vyeupe kabisa na ndani yake kukawa na kitu kinachooza, naye alikuwa wa kwanza kukijua. Alilala nacho na kuamka nacho. Alikuwa akipika akajikuta anaona uso wa Donat, anamwona kwenye ajali, anamwona amepigwa na lori, na mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Alikwenda kuungama, akaondolewa dhambi, akatoka na amani ya nusu saa. Kisha ikaja Jumapili ya Matawi, tarehe 1 Aprili 2012. Donat alikuwa amekuja Ruashi kwa ubatizo wa mtoto wa rafiki yake, na wakati Germaine amepokea komunyo na kugeuka, alikutana naye uso kwa uso kwenye mstari. Yaliyotokea aliniambia yeye mwenyewe miaka mingi baadaye, akinitazama ili aone kama nitakimbia: "Nilimuombea akufe, na Yesu angali mu kinywa yangu."

Kuanzia siku hiyo hakupokea tena. Alikuwa amesikia tangu utotoni maneno ya Bwana kwamba mwenye kuleta sadaka na kukumbuka ugomvi na nduguye aiache kwanza akapatane, na vilevile kwamba wenye moyo safi ndio watakaomwona Mungu, na maneno hayo mawili yalimbana kama mlango na kizingiti chake. Padri Paluku alimweleza zaidi ya mara moja kwamba chuki inayokuja bila kuitwa ni jaribu na si dhambi mpaka mtu aikubali, na kwamba ondoleo ni ondoleo. Alisikiliza, akaitikia, na Jumapili akabaki kwenye benchi lake, la tano upande wa kushoto. Hapa simsifu. Katika hili alikosea, na walimu wa Kanisa wangemkanya. Lakini hakukosea kwa kumdharau Bwana. Alikosea kwa hofu, na hofu hiyo ilimkondesha. Mara tatu alipanda gari mpaka Kasumbalesa. Mara zote alimkuta Donat kati ya foleni ya malori na wabadilisha pesa, akamsalimu, akauliza habari za nyumbani, akarudi. Salamu ilitoka mdomoni, moyo ukabaki ulivyokuwa, na alikuwa akilia kuanzia Kasumbalesa mpaka anashuka. Hofu yake ilikuwa moja, na alihesabu siku nayo: kwamba mmoja wao atakufa kabla chuki haijaisha.

Huku parokiani midomo haikukaa bure. Mama anayefua vitambaa vya altare na hapokei? Wengine walisema ana bwana wa siri. Wengine walisema ni kivuli cha Ephraïm kinachomzuia, kwa kuwa hakuoshwa, na waliosema hivyo walikuwa Wakristo wenye kadi za ubatizo. Na sasa nifike mahali pangu. Mwezi wa tano 2015 Padri Paluku alikuta chini ya mlango wake barua isiyo na jina, inayosema kwamba Mama Léa anaishi na mwanamume kwa siri na kwamba ni aibu mikono yake kugusa nguo za Bwana. Barua hiyo niliiandika mimi. Sikuwa nimeona mwanamume yeyote. Nilikuwa nimeona tu mwanamke ambaye hakutuomba ushauri, na hilo lilinichoma.

Padri alimwonyesha barua, naye akajibu kwamba si kweli. Baraza likashinikiza, nami nikiwa karani nikapaza sauti kuliko wote, na Padri, ili kutuliza, akakubali vitambaa vipewe mtu mwingine kwa muda. Nilitumwa mimi kwenda kuvichukua. Alivitoa kabatini vimekunjwa kwa tatu, akaniuliza nani atafua. Nilimtajia Abigaïl. Akaniomba nimwambie Abigaïl asisahau maji ya kwanza, na hakuuliza jambo lingine. Abigaïl, mama mwema mwenye haraka zake, aliviweka vyote katika ndoo moja na javel, dawa kali ya kung'arisha nguo, tangu mwanzo, na baada ya mwezi mmoja vilikuwa vinachanika Padri akivikunjua. Padri alivirudisha kwa Germaine bila kuuliza baraza, na mimi nilikasirika wiki nzima, na Jumapili nikapokea komunyo.

Mwanzoni mwa Agosti 2019 Donat aliangushwa na ugonjwa wa kupooza pale pale Kasumbalesa. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukawa mzito. Mke wake, Dorcelle, alimleta Ruashi kwenye nyumba ya kupanga, barabara mbili tu kutoka kwa Germaine, ili awe karibu na hospitali. Ndugu walikuja mara moja tu, hawakurudi tena. Walikuwa wanaogopa kumgusa. Walisema mjane ambaye hakuoshwa ndiye anayemla, na atakayemgusa atafuata. Dorcelle alimgeuza peke yake, mwanamke mdogo wa mwili, na mgongo wa yule bwana ukaanza kutoka vidonda. Akiwa amechoka kabisa, alikuja kwa Germaine na ushanga mweupe ndani ya leso. Alipiga magoti jikoni, akasema, "Mama Léa, vaa tu huu bushanga, bwana yangu apone."

Germaine alimwinua. Alimwambia: "Bushanga sitavaa. Lakini nitakuya kumusafisha." Kisha Dorcelle akaondoka, na mama yetu hakwenda. Siku ya kwanza alisema ana homa. Siku ya pili alifika mpaka kona, akarudi. Siku ya tatu alikuwa mlangoni kwa Padri Paluku kabla ya Misa ya asubuhi, macho yamevimba, na mimi nilikuwa pale nikibandika matangazo, kwa hiyo nilisikia. Alikuwa anaogopa kwamba atamwosha yule mtu huku anafurahi kuona vidonda vyake. Aliuliza ikiwa mikono inaweza kufanya jema wakati moyo unafanya baya, na ikiwa si afadhali angoje kwanza moyo usafishwe. Alikuwa amengoja miaka saba. Padri alikuwa na kikohozi na hakuwa na wakati wa kuhubiri. Alisema, kwa Kiswahili chetu alichokwisha kujifunza: "Mama, wende na ile moyo yenye uko nayo. Ingine hauna."

Halafu akaniona mimi, akaniambia nifuatane na Mama Léa, nimbebee maji.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 29 Agosti, kiangazi kikali, vumbi jekundu juu ya kila jani. Alibeba beseni lake la nyumbani na vitambaa safi, mimi nikabeba kidumu cha maji na birika la maji ya moto. Beseni lilikuwa linagonga vifungo vya nguo yake kila hatua. Donat alikuwa amelazwa ubavu kwenye godoro karibu na dirisha. Alipotuona aligeuza uso ukutani, kwa kuwa ni kitu pekee alichoweza kugeuza. Harufu ilikuwa kali na mimi nilisimama karibu na mlango. Germaine alipiga magoti, akatia maji, akamfunua mgongo, na akaona. Alikaa hivyo, kitambaa mkononi, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Sijui alikuwa anapigana na nini. Najua kwamba niliomba, mimi niliyeandika ile barua, kwamba asiinuke akaondoka.

Akaanza na shingo. Akashuka polepole, akizunguka kila kidonda, akikamua kitambaa na kukirudisha. Hapo yule bwana, uso ukiwa bado ukutani, akasema kwa nusu ya mdomo maneno mawili ambayo hakuwahi kuyatamka tangu kaburi la Kasomeno. Alisema: "Mama Léa."

Mikono ya Germaine ilisimama. Jina la mtoto lilikuwa limetoka kwenye mdomo ule ule uliokuja kumdai. Mwili wa Donat ukashikwa na mtetemo kuanzia mabegani, na Germaine akautazama ule mtetemo, akainama karibu na sikio lake. Alimwuliza: "Maji iko baridi?"

Donat aliitikia kwa kichwa. Yalikuwa baridi kweli, tulikuwa tumetia ya kidumu tu. Akaniambia niongeze ya birika, akapima kwa kiwiko kama wanavyopima ya mtoto, akaendelea mpaka miguuni.

Alipomaliza alichukua beseni la maji yale, yenye usaha na damu, akatoka nje. Mtaro uko hapo hapo mlangoni, hatua mbili. Aliuvuka. Akazunguka nyumba mpaka nyuma, ambako mwenye nyumba alikuwa na ua moja la waridi lililokaribia kufa kwa kiu, akachuchumaa, na kuyamimina chini yake taratibu, mpaka tone la mwisho, kama alivyofanya kila Jumamosi tangu utoto. Dorcelle alimfuata akamwuliza kwa nini asitupe mtaroni. Germaine alitazama beseni tupu, akatazama udongo uliolowa, na niliona uso wake ukibadilika, kwa kuwa hakuwa ameamua kufanya hivyo. Mikono ilimtangulia. Alikaa chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, akasema, "Ile ilikuwa maji ya kwanza," akalia, na Dorcelle, ambaye hakuelewa neno hata moja, akakaa naye.

Jumapili iliyofuata, tarehe 1 Septemba, alitoka kwenye benchi la tano akaja mbele. Padri Paluku alimpa Mwili wa Bwana. Watu waliangaliana. Sijui walisema nini nje, kwa kuwa siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilipitia mlango wa pembeni.

Alimwosha Donat kila siku mpaka Novemba, alipokufa kwa amani akiwa amepakwa mafuta matakatifu. Hofu haikumwachia mara moja, msidhani hivyo. Kuna siku alisema chuki imerudi na amemwosha nayo hivyo hivyo. Kwenye kilio, ukoo ulitaka Dorcelle aoshwe kwa desturi. Germaine aliinuka, na wote waliokuwepo mwaka 2010 wakangoja maneno makali. Alipiga magoti mbele ya wazee, akawaomba msamaha kwa tusi lake la zamani, kisha akawasihi wakubali mjane aombewe na padri na anawishwe mikono na wajane wenzake. Mwape, mkubwa wa ukoo, akauliza maji yako wapi. Desturi hiyo mpya inafanyika mpaka leo katika jumuiya zetu za Ruashi, na maji yake yanamwagwa chini ya ua.

Presha ilimlaza kitandani mwanzoni mwa 2022. Nilikwenda kumwona mwezi wa pili, nikiwa nimejiandaa siku nyingi, na nikamwambia kwamba barua ya 2015 ilikuwa yangu. Nilikuwa nimegeuza mwandiko nikidhani nina akili. Alinitazama bila kushtuka. "Nilijua," alisema. "Mwandiko yako mi naiona ku matangazo kila Jumapili." Miaka saba alijua, akanipa vitambaa, akanisalimu, akaniacha nimbebee maji. Nilitafuta usoni pake kitu cha kuniadhibu, nikakosa. Aliona tu kwamba midomo yangu imekauka, akaniuliza: "Umeshakula, Tata Hénoc?" Sikuwa nimekula tangu jana yake kwa woga. Akamwita Dorcelle, aliyekuwa anamtunza, aniletee bukari, ugali wetu.

Alifariki tarehe 11 Februari 2022, saa tisa alasiri. Wapo wanaosimulia maajabu. Wanasema ua la waridi nyuma ya ile nyumba linachanua kiangazi chote. Nimekwenda kuangalia, linachanua, ila pia kuna bomba linalovuja karibu nalo, na nawaachia wenye elimu waamue. Wanasema ndugu wawili wa Kasenga, waliokaa miaka kumi bila kusemezana, walipatana kwenye kaburi lake. Hilo nimeliona.

Kwako unayesoma: usingoje moyo mwingine ndipo uende kwa nduguyo. Mimi nina huu nilio nao, na bado haujatulia. Miaka saba nilipita mbele ya benchi la tano kwenda kupokea, nikijiona msafi. Sasa vitambaa vya altare ninafua mimi kila Jumamosi, mzee wa miaka sitini na minane, na jirani wananicheka juu ya ukuta. Maji ya kwanza nayapeleka chini ya ua, na kabla ya kuyamimina nataja jina la yule ambaye wiki hiyo nimemchukia.